Kalibu ya Vyumba Sita

Papa, mzee niliyekuwa nikimhudumia mtaa wa Anderlecht, alikuwa fundi wa kuyeyusha madini huko Lubumbashi kabla ya kuja Ubelgiji, na uzeeni aliendelea kumimina, kwenye kibanda cha uani. Alikuwa akiwatengenezea vichwa vya risasi wazee wa Kibelgiji wa mtaa ule, ambao Jumapili huenda kulenga shabaha kwa bunduki za kizamani. Yeye mwenyewe hakuwahi kushika bunduki. Mimi ni mtu wa Kivu, nilikimbia kwetu kwa sababu ya vitu hivyo hivyo, na siku aliponionyesha sanduku lake la vichwa hivyo nilitaka kurudi zangu kwenye metro. Nikabaki, na hadi leo sijui vizuri kwa nini. Labda kwa kuwa alinipa kiti kabla ya kunipa kazi.

Kalibu yake ilikuwa vipande viwili vya chuma vyenye mishikio mirefu kama koleo, na ndani vyumba sita. Unabana mishikio, unamimina madini ya risasi yaliyoyeyuka kwa upawa kupitia bamba la juu lenye matundu, unasubiri kidogo, unasogeza bamba likate mabaki, unaachia. Vichwa sita vinaangukia kitambaani.

Baada ya Pasaka vikaanza kutoka vibaya. Pembeni, pale vipande viwili vinapokutana, risasi ilichomoza na kuacha ukingo mwembamba ambao Papa aliuita bavure, akautamka kama mtu anayetaja ugonjwa.

“Mama, hii moule iko na shida. Fungula vis ya kushoto, kidogo tu. Bon. Sasa piga kale ka pini, polepole.”

Nikafungua skrubu, nikagonga pini ya kalibu. Bavure. Juma lililofuata nikakaza nilichofungua. Bavure. Nikapangusa masizi, nikapaka mafuta kwenye bawaba, nikapasha kalibu moto zaidi kabla ya kumimina. Papa aliwahi kutawala tanuru zima, nani angebishana naye? Nilikuwa nafika kuosha vyombo na kumpimia dawa, najikuta na bisibisi mkononi, sijui kama natengeneza au naharibu.

Ijumaa moja alikwenda kumfungulia mtu wa posta, sufuria ya risasi ikiwa bado juu ya jiko la kibandani. Nikabana mishikio mwenyewe, nikamimina. Vikatoka sita, safi, bila kasoro hata moja. Nikarudia. Sita tena. Aliporudi akabana yeye, uso umekunjamana kwa nguvu alizodhani anatumia, nami nikaona mwanga unapita katikati ya vipande viwili.

“Papa, kaza.”

“Niko nakaza!”

Na hakuwa anadanganya. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mtu anawezaje kukaza na asikaze?

Ningeandika kwenye daftari la huduma, lile binti yake alilolisoma kila alipokuja kutoka mtaa wa Etterbeek. Lakini binti alikuwa ameshasema wazi, mbele ya baba yake: siku Papa atakaposhindwa kumimina, ni siku ya kwenda kwenye nyumba ya wazee. Mzee siku hiyo alinitazama mimi, si binti yake. Nikaandika: amekula vizuri, amelala vizuri.

Kisha nikafanya ujinga. Alipolala baada ya chakula nilikuwa namimina vyangu, naviweka sandukuni, na vyake narudisha kwenye sufuria. Akiamka anaangalia sanduku, anapiga makofi. “Unaona? Vis ya kushoto! Sikukuambia?” Nikafurahi naye, Mungu anisamehe. Kuna siku hata mimi niliamini ni ile skrubu.

Binti alikuja Jumanne moja ya Juni. Akainua kichwa kimoja kutoka sandukuni, akakizungusha, akacheka kwa furaha ya kweli.

“Papa iko muzima kabisa! Alors mama, kuanzia mwezi ujao utakuja mara moja tu kwa juma. Atajipikia, atamimina mwenyewe, donc hakuna shida.”

Papa akatabasamu. Mimi nikaona jiko la gesi, sufuria ya risasi inayochemka, na ile mikono, siku sita bila mtu. Nilimwogopea, nikajichukia. Nilikuwa nimemsaidia kwa bidii mpaka nimemwondolea msaada.

“Yaya,” nikasema, nikimwita dada kama tunavyosema kwetu, “hivi ni miye nilimimina.”

Binti akamtazama baba yake. Papa akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

“Ni moule,” akasema. “Mama alitengeneza moule. Ilipona.”

“Basi tuone,” binti akasema.

Tukaenda kibandani, na Papa akaamuru nimimine mimi, ili binti aone ilivyopona. Sikujua nitake nini. Vikitoka safi, nitakuwa nimethibitisha maneno yangu, au ya kwake? Nikabana, nikamimina, nikasogeza bamba, nikaachia. Sita vikaanguka kitambaani, vinameremeta.

Kabla sijaweka kalibu chini, Papa alishachukua kimoja kwa vidole vitupu, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

“Papa! Iko moto!”

“Moto wapi? Imeshapola.” Akakizungusha taratibu mbele ya macho ya binti yake. “Angalia hapa pembeni. Hakuna kitu.”

Tulisikia harufu ya ngozi inayoungua. Binti aliweka mkono mdomoni. Nikamrukia na kitambaa, nikakichomoa kile kichwa katikati ya vidole vyake, nikakitupa sakafuni.

Papa hakugeuka. Vidole viwili bado vilikuwa vimebanana juu, vyeupe kwenye ncha, akimwonyesha binti yake.

“Angalia vizuri,” alikuwa akimwambia. “Hakuna bavure hata moja.”