Jiko la Mfiwa

Asubuhi hii nimejitwika kuni kwenda msibani kwa tajiri mmoja wa Gungu. Wajukuu zangu wamenicheka: "Bibi, wale wanapikia gesi!" Wacheke. Kuni zinanuka utomvu, na harufu hiyo naijua.

Ujiji kwetu jiko la mfiwa haliwashwi. Majirani huja na kuni, unga na dagaa, wanapika wao, mwenye msiba akae mkekani alie. Mama yangu alikuwa hodari wa hayo. Ukisikia kilio mtaani, yeye huyo, ndoo ya unga kichwani.

Kisha baba akashinda bahati nasibu. Tukapata bati jipya, godoro la sponji, redio kubwa kama sanduku. Bati halijaanza hata kufifia, mdogo wangu wa mgongoni akafa kwa homa.

Watu walijaa uani, mikono mitupu.

"Mbona sioni kuni wala unga?" shangazi akauliza.

"We wifi nawe!" jirani yetu akamjibu. "Matajiri hawa tuwaletee unga wa muhogo? Leo tumekuja kula wali."

Jua lilipopanda, watoto wa watu wakaanza kulilia chakula. Mama akainuka mkekani. Akakaza kanga kiunoni, akapiga magoti mbele ya mafiga, akapuliza moto. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, yakadondokea majivuni.

Jirani akamwinamia.

"Pole, shoga," akamwambia. "Kuni zenu mbichi."