Kidole cha Kijani cha Mama Mdogo

Sarafu ikikaa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho hutoa harufu fulani kali, kama ya chuma kilicholowa. Nikiisikia, hata nikiwa kwenye foleni dukani, nacheka peke yangu, maana namwona mama yangu mdogo Kabula amekaa uani kwa bibi, Ushirombo, ameunyoosha mkono mbele yake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Alikuwa amechumbiwa na Masanja, mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Katoro, kijana mrefu, mpole, ambaye pikipiki yake tuliisikia kabla hata hajalipita soko. Alileta pete mbili amezifunga kwenye pamba. Moja alimvisha mama mdogo. Nyingine akairudisha mfukoni, akasema ataivaa siku ya ndoa.

"Dhahabu yenyewe nimeichimba kwa mikono yangu," alimwambia bibi. "Sonara wa Katoro ndiye aliyenitengenezea."

Bibi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

Wiki haikuisha, kidole cha mama mdogo kikageuka kijani pale pete ilipokaa. Kikavimba, kikatoa vipele, akawa anajikuna mpaka kanisani. Jirani mmoja alisema ameumwa na mdudu, mwingine akasema mizimu imeikataa posa. Bibi hakuwangoja wakubaliane. Alikata limao, akakamulia pete na kidole kwa pamoja. Pete iling'aa kuliko siku ilipoletwa. Mama mdogo aliruka, akakimbia kulizunguka banda la kuku, na aliporudi alikuwa amewaita watakatifu wote anaowajua.

Pete ilitoka kwa sabuni na machozi. Bibi akaigeuzageuza kiganjani.

"Dhahabu haimli mtu," alisema. "Huyu kijana ametudanganya. Aje achukue shaba yake, posa imeisha."

Mama mdogo aliingia chumbani na simu, akaongea kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa darasa la nne na nilishaahidiwa gauni la harusi, la waridi, lenye mikono ya kuvimba. Nililia kuliko yeye.

Masanja alifika kesho yake, safari hii kimya, ameiacha pikipiki mbali.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia bibi kwa Kisukuma, ameinamisha kichwa.

Bibi aliitikia kwa kifupi, akamwekea pete mezani. "Umemvisha mwanangu shaba."

"Mayu, hata mimi nimevishwa hiyo hiyo."

Akanyoosha mkono. Pete ya pili ilikuwa kidoleni, na kidole kilikuwa kijani kitupu, kuanzia kwenye fundo hadi kwenye ukucha. Bibi alikishika, akakigeuza, akakisogeza karibu kabisa na uso wake, kwa sababu macho yake yalishaanza kuchoka. Mama mdogo alikuwa anatazama sakafu. Kisha mabega ya bibi yakaanza kutikisika, akacheka mpaka kitenge kikamlegea kiunoni.

"Basi sonara amewala wote wawili," alisema akijifuta macho. "Kaeni mle. Harusi iko palepale."

Gauni nililipata, na mikono ilivimba kama nilivyotaka.

Nilipofika kidato cha tatu, mwalimu wa kemia alitueleza kwamba shaba ikikutana na jasho na hewa humenyuka, ikaacha chumvi ya kijani kwenye ngozi. Vile vipele ni mmenyuko mwingine kabisa, wa mwili wenyewe kuyakataa madini fulani yaliyochanganywa humo, wanauita mzio. Nilifurahi sana kuelewa, mpaka nilipokumbuka kidole cha Masanja. Pete huacha alama pale inapokaa. Haipandi mpaka kwenye ukucha. Tena yake ilikuwa imekaa mfukoni muda wote.

Likizo nikamuuliza mama mdogo. Alicheka, akaangalia kwanza kama mumewe yuko karibu.

"Ilikuwa kisamvu," alisema. "Tulikitwanga nyuma ya nyumba, akajipaka kabla hajabisha hodi. Sonara alimwibia kweli, lakini nani angemwamini?"

Tulidhani sisi wawili na Masanja tu ndio tulioijua siri hiyo. Lakini bibi alikuwa ametwanga kisamvu tangu akiwa msichana, na siku ile, kama nilivyokuja kung'amua, hakukisogeza kile kidole usoni ili akione. Alikinusa. Alijua kabisa kwamba anadanganywa, na akaona kijana aliye tayari kujipaka majani ili aaibike pamoja na mchumba wake si wa kurudishwa Katoro.