Sikio Nyuma ya Sikio la Mama

Usiku ule mama aliponiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, nililala na uchungu usio na wa kumlaumu. Hajafika hata sitini. Yeye aliyetushonea sare za shule sasa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Kaka yangu Idi alisema ni uzee, tuuzoee. Mama alilalamika kelele sikioni, vuu, vuu, nasi tukamtilia mafuta ya nazi ya uvuguvugu tukijiona mabingwa.

Ndipo usiku ule baba akaingia, baba tuliyemzika, suruali ya kazi imelowa hadi magotini. Alikuwa fundi bomba. Bomba likipasuka chini ya ardhi hakuchimba ovyo. Alisimamisha nondo juu ya udongo, akaegesha sikio kwenye ncha yake, akasikiliza maji yanapotorokea.

Uani kwetu kumechimbuliwa mitaro kila upande, na mama ameketi ukingoni, miguu inaning'inia. Baba anamwendea. Naingiwa na hofu, maana kwetu marehemu akija akamshika mtu, husemwa amemfuata. Nasema kwa shida:

"Baba, usimchukue."

Anapiga magoti, anaegesha sikio nyuma ya sikio la mama, anafumba macho kama alivyofanya kazini. Mara hatuko uani tena, tuko jikoni, bomba linakoroma na hakuna tone linalotoka. Mama amekinga ndoo, anasubiri. Baba ananigeukia na ile hasira niliyoiogopa utotoni.

"Huo si uzee. Damu inapotelea njiani, haimfikii. Pakizibwa, atarudi. Mkichelewa, nitarudi mimi."

Niliamka nimelowa jasho. Nikaenda chumbani kwa mama, nikainama juu yake taratibu, nikaweka sikio langu palepale alipoweka baba. Vuu. Vuu. Nilimshika mshipa wa shingo kwa vidole, na ile sauti ilikuwa ikienda nao pigo kwa pigo. Nikalia.

Nikamwamsha Idi, nikamwambia aje asikilize, kisha tumpeleke mama hospitali. Alikuja akinung'unika kwamba ndoto si daktari. Akainama, akaweka sikio palepale. Alipoinuka hakunitazama. Alikuwa anatafuta viatu vya mama.