Blanketi la Piano

Juzi mjukuu wangu alifungua sanduku la zamani hapa nyumbani Nakuru, na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo ikanigonga puani. Nikamwambia afunge, tena kwa sauti ambayo hajaizoea kwangu. Akabaki ameduwaa. "Nyanya, si ni dawa tu ya wadudu?" Ningemjibu nini? Kwamba kwangu mimi hiyo si harufu ya nguo? Ni harufu ya piano, na ya mwaka niliokuwa na miaka tisa, na nikikaa nayo kidogo napandwa na hasira ambayo mpaka leo sijui nimpe nani. Basi nawapa nyinyi.

Tuliishi Molo, kwenye shamba la Mzungu, la maua ya pareto na kondoo. Baba alikuwa mwalimu wa kanisa la wafanyakazi, maana yake siku za wiki aliwafundisha watoto kusoma na Jumapili akawafundisha wakubwa kutubu. Kwetu hasa ni Maragoli, na ndugu zangu wawili wakubwa walibaki huko kwa bibi. Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya watu waliopakiwa kwenye malori wakati wa Hali ya Hatari wakarudishwa makwao kwa nguvu. Tulikuta sufuria yao moja nyuma ya mlango. Mama alikataa kuipikia, akaiosha, akaiweka juu ya kabati kana kwamba wenyewe wangeirudia kesho.

Na baridi je! Siku hizi nawasikia watu wa Nakuru wakivaa sweta asubuhi wakilalamika. Weh, baridi wameiona wapi? Molo ya wakati ule ukiacha maji kwenye beseni nje, asubuhi unayapasua. Mwezi wa saba ukungu ulikuwa unashuka mchana kweupe, unaingia mlangoni bila hodi, unakaa na nyinyi mezani.

Sasa, Memsahib, mke wa mwenye shamba, akaletewa piano mpya kutoka ng'ambo. Ile ya zamani akalipa kanisa letu. Lakini kanisa letu lilikuwa la mabati yaliyotoboka na sakafu ya udongo unaotoa maji, kwa hiyo ikaamuliwa piano ikae kwetu mpaka lijengwe kanisa jipya. Ikaja kwa trela ya trekta, wanaume wanane wakaiteremsha huku wakiitukana kwa lugha nne. Ikapewa chumba cha mbele, peke yake. Sisi wanne, baba, mama, mimi na Yona mdogo wangu, tukahamia chumba cha nyuma na magunia yetu ya viazi.

Tena ilikuja na blanketi lake. Blanketi, ndugu zangu, si hivi vitambaa vya siku hizi! Sufu nzito ya rangi ya kijivu, ukilitia mkono unasikia joto papo hapo. Mama alilipapasa mara moja akarudisha mkono haraka. Memsahib alisimama katikati ya chumba na viatu vyake vya matope akatoa sheria. "Mwalimu, hii piano hapana penda baridi. Hapana penda moto. Ndani ya nyumba hapana weka moto. Ukungu nakuja, wewe funika mbio. Nasikia?"

"Nasikia, Memsahib," baba akasema, na kofia yake ameishika tumboni.

Tangu siku hiyo jiko likapigwa marufuku ndani ya nyumba. Tulikota moto jikoni nje, kisha tukakimbia kitandani tukiwa na joto la kuazima. Baba alikuwa mtu mpole, lakini kwa habari ya piano aligeuka askari. Hakutaka hata tuiite kinanda. Kinanda, alisema, ni kile cha kukanyaga kwa miguu, kila mtu anacho. Hii ni piano.

Kazi ya kuitunza alinipa mimi, na siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Mtoto wa kike, miaka tisa, nimekabidhiwa kitu ambacho mama yangu mwenyewe haruhusiwi kukigusa! Kila asubuhi nilifunua kifuniko ili meno yake, yale ya kubonyeza, yapate mwanga, maana baba aliambiwa pembe ya ndovu ikikaa gizani hugeuka manjano. Nilichukua kitambaa chenye unyevu kidogo, nikapangusa meno meupe moja moja, kisha kitambaa kikavu, kisha nikarudia kwa meusi. Nilijifunza kubonyeza taratibu, taratibu kabisa, mpaka jino lishuke bila kutoa sauti, kwa sababu baba hakutaka kelele. Miguu ya piano ilisimama ndani ya mikebe ya samaki yenye mafuta ya taa, mchwa wasipande. Ndani, chini, niliweka vidonge vya nondo, na wakati wa kiangazi mkebe wa maji ili mbao zisipasuke. Kila Jumamosi nilimulika nyuma kwa kibatari kutafuta kinyesi cha panya.

Na nani aliipiga? Memsahib, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, nyimbo tatu, ibada ikifanyika kwetu. Baba hakujua hata moja. Kitu kizima kilikula, kikanywa, kikavaa nyumbani mwetu mwaka mzima ili mama mmoja apige nyimbo tatu kisha aende zake kunywa chai. Lakini wakati ule sikuliona hivyo. Nilikuwa natembea leba nzima, yale makazi ya wafanyakazi, kidevu juu, mtoto wa piano.

Mwezi wa saba Yona akaanza kukohoa. Hakuwa amefika miaka miwili. Jumatano kifua kikaanza kulia. Alhamisi mama akamwomba baba jiko liingie ndani, usiku mmoja tu. Baba akamwangalia, akaangalia mlango wa chumba cha mbele, akasema Jumapili hii ni ya Memsahib, na moshi utanuka kwenye mbao. Asubuhi ya Ijumaa akaondoka kwenda Nakuru kwa gari la moshi, kwenye mkutano wa walimu wa makanisa. Hakuwa hata amefika barabarani wakati mama alipoingia chumba cha mbele, akalivuta lile blanketi kwa mkono mmoja, akamviringisha Yona nalo.

"Leo na yenyewe ijue baridi ni nini," akaiambia piano.

Nilirudi nyuma mpaka ukutani. Nilimwogopa yule mwanamke aliyesema hivyo, na yule mwanamke alikuwa mama yangu.

Baada ya saa saba mchana Yona akaacha kunyonya. Mama akajifunga leso, akasema anakwenda kumwita dresa, yule mtu wa dawa wa shamba, kwa maana kumtoa mtoto nje kwenye mvua iliyokuwa inanyesha ni kumuua. Dresa alikaa mbali, upande wa zizi la kondoo. "Mwangalie mtoto," akaniambia, akatoka mbio.

Nikamwangalia. Na ukungu ukaja.

Uliingia chini ya mlango kama kawaida yake. Nikaenda chumba cha mbele kufunga kifuniko, nikagusa meno. Yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni, na yametoa jasho, matone madogo madogo kwenye kila jino. Nikarudi nikamgusa Yona. Alikuwa moto. Moto wa kweli, shingo imelowa, mashavu yamewaka, na ameacha kukohoa, amelala kimya. Nikawaza, kwa akili zangu zote za miaka tisa: huyu ana joto la kutosha. Amezidiwa na joto. Ile nyingine ndiyo inayoumwa na baridi.

Nikalitoa blanketi. Sikumwacha uchi, jamani, msinifikirie hivyo. Nilivua sweta yangu ya shule, nikamfunika kifua, juu yake nikatandaza gunia. Kisha nikaifunika piano vizuri, pembe zote nne, nikakaa kwenye kigoda baina ya vyumba viwili nikiwatazama wote wawili, nimeridhika.

Baba ndiye aliyetangulia kufika, kutoka Nakuru, amelowa mpaka mifupani. Akaona piano imefunikwa, akatabasamu. Nami, kwa fahari, nikamwambia: mama alikuwa amemfunika Yona na blanketi la piano, lakini ukungu ulipokuja nikalitoa nikairudishia yenyewe.

Uso wa baba ukaanguka. Sijui neno jingine. Alilinyakua lile blanketi juu ya piano, kitu kikavunjika, nadhani ni taa, hakugeuka hata kuangalia. Akakimbilia chumba cha nyuma. Alikuwa ameinama juu ya kitanda, blanketi likiwa mikononi, mama alipoingia na dresa.

Mama aliona gunia. Aliona sweta yangu, na mimi nimesimama na kishati, midomo ya bluu. Aliona blanketi mikononi mwa baba.

"Nani amemtoa mtoto blanketi?"

Nilifungua mdomo. Baba akasema, "Ni mimi."

Mnajua niliwaza nini? Nilikasirika. Niliona baba amenidhulumu. Kazi nimeifanya mimi, ukungu nimeupigania mimi, halafu yeye anajitwalia sifa mbele ya mama na dresa! Nilitoka nje nikalia jikoni kwa sababu hiyo. Nyinyi chekeni mkitaka. Mimi mwenyewe nimejaribu kucheka miaka mingi.

Yona alikufa Jumamosi mchana. Jumapili Memsahib alikuja kama ilivyopangwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kwenda kumwambia asije. Aliambiwa mlangoni, akasema pole sana, pole sana, kisha akapiga nyimbo tatu, na waumini wakaimba wakiwa wamejazana mpaka nje. Mama alikuwa jikoni, hakuimba. Wakati wa kuondoka Memsahib alipitisha kidole kwenye mbao, akakitazama, hakuona vumbi. Akauliza nani anapangusa. Nikasukumwa mbele. Akanipa peremende, nami nikaila palepale, na ilikuwa tamu.

Baada ya matanga baba alichukua kile kitambaa mkononi mwangu. "Wewe basi," akasema. Kuanzia hapo aliipangusa mwenyewe. Nililia zaidi kwa kunyang'anywa kitambaa kuliko nilivyomlilia ndugu yangu, na mkitaka kujua chuki yangu kwa nafsi yangu inaanzia wapi, inaanzia hapo. Miaka miwili baadaye kanisa likajengwa, piano ikahamishwa, na muda si muda mchwa wakaimaliza, kwa sababu hakuna aliyejaza ile mikebe. Blanketi tuliachiwa. Hakuna aliyelala nalo.

Mama hakumwacha baba. Wanawake wa wakati ule wangeenda wapi? Alimpikia, alimfulia, alimzalia wengine wawili. Lakini jina lake hakulitaja tena. Alimwita "mwenye piano". Kwenye mazishi, kwenye harusi, kisimani, alisimulia: huyu mtu alimvua mtoto wake blanketi akaivisha meza. Alisimulia akiwapo na asipokuwapo. Na kila aliposimulia alimalizia kwa kunishika begani. "Huyu, mtoto mdogo, alivua sweta yake akamfunika mwenzake. Huyu ndiye aliyekuwa na moyo katika nyumba ile." Mimi ndiye niliyepewa mnofu. Mimi ndiye niliyesomeshwa, mama akilima pareto ya watu kwa mikono yake.

Nikasomea unesi, ndipo nikajua nimonia ni nini. Nikajua kwamba blanketi moja, liwe la Memsahib au la nani, halimzuii mtoto kufa akifikia pale Yona alipofikia. Najua hilo vizuri, nimewaeleza akina mama wengi wodini. Halinisaidii hata kidogo. Na siku hiyohiyo niliyoelewa homa, nilielewa pia lile "ni mimi". Nilikuwa nimesimama na kipimajoto mkononi, nikakaa chini sakafuni, mgonjwa akaniuliza kama mimi ndiye ninayeumwa.

Sitaki mdhani namtakasa baba. Sheria aliiweka yeye. Jiko alilikataa yeye. Kama angekuwa na nusu ya ujasiri mbele ya Memsahib aliokuwa nao mbele ya mama, Yona angelala penye moto. Huo ni ukweli na nimeubeba pamoja na ule mwingine, na haupunguzi mzigo, unaongeza.

Baba alipokuwa anakufa, hapa hapa Nakuru, mama alikuja naye hospitali akakaa nje ya wodi, kwenye benchi, na mkoba magotini. Hakutaka kuingia. Nikainama nikamwambia baba: leo namwambia mama. Leo leo. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, siwezi tena.

Alikuwa hawezi kuinua kichwa. Alishika kidole changu kimoja.

"Akijua," akasema, "atabaki na nani?"

Sikumwambia. Mama hakutupa udongo kaburini mwake. Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, nyumbani kwangu, kitanda kizuri, kando ya dirisha lenye jua. Kila mgeni aliyekuja alisimuliwa habari ya mwenye piano na habari ya sweta, na mgeni akageuka kunitazama kwa huruma akasema, pole, dada, ulikuwa mtoto mwema. Nami nilikuwa nikimwongezea chai, nikamwambia asante.