Faini ya Kubeba Jeneza

Kisarawe jeneza likipita huulizi ni la nani. Unatia bega, unatembea kidogo, unampisha mwingine. Ndivyo nilivyofanya siku ile natoka Maneromango na kirikuu ya bosi, nimepakia mihogo. Niliegesha pembeni palepale nilipokutana na mazishi. Narudi natiririka jasho, nakuta kijana wa ushuru wa halmashauri anabandika karatasi kwenye kioo: kuegesha pasiporuhusiwa.

"Kaka, nilikuwa kwenye jeneza!"

"Innalillahi," akasema, wala hakuibandua. "Kapinge ofisini."

Nisipolipa, bosi ataiona faini kwenye namba ya gari lake, na ufunguo ndiyo basi tena. Nikilipa, inaondoka hela ninayodunduliza ya leseni ya malori, na mimi ndoto yangu ni semi, safari za Kigoma, miwani usoni. Nikaenda kupinga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una shahidi?" Mama wa ofisini alikuwa anamenya chungwa.

"Mama, watu walijaa barabara nzima!"

"Basi niletee mmoja. Mfiwa ndiye mzuri."

Nilifika Kibaha nimevimba. Rafiki yangu ninayepanga naye chumba pale Tumbi alicheka mpaka akakaa chini. "Nenda kadai, mwanangu! Waambie wafiwa wakupe na risiti ya thawabu."

Kesho yake nikarudi Kisarawe, nikaulizia nyumba ya msiba. Kabla sijafungua mdomo nimeshakalishwa mkekani na sahani ya wali maharage. Mtoto mkubwa wa marehemu, mtu wa makamo, akanitazama sana.

"Wewe si ulibeba nyuma yangu? Mrefu wewe, jeneza lote likanielemea mimi!"

Shahidi huyo, mzimamzima, ananikumbuka hadi urefu.

"Wewe na mzee wetu mlijuana vipi?" akaniuliza.

"Hatukujuana, kaka. Nilikuwa napita tu."

Akanishika mkono, na machozi yakamtoka hapohapo mbele za watu. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje, vaa viatu twende tukazungumzie maegesho?

Nilimaliza wali, nikampa pole, nikaenda kulipa.

"Shahidi yuko wapi?" mama akauliza.

"Msibani."

"Si ungemleta!"

Nikachukua risiti nikatoka, la sivyo ningemtukana mtu mzima bure. Leseni ya malori hadi leo sina. Na siku hizi nikiliona jeneza, kwanza nazunguka kutafuta maegesho halali, ndipo nalikimbiza kwa miguu, nahema, nalaani halmashauri, hadi nilifikie.