Dobi Aliyebakiza Somo Moja

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu yalianza kabla hakujapambazuka na hayaonyeshi dalili ya kukatika. Mawingu yameinamia paa la hospitali, na kamba za kuanikia nguo nyuma ya jengo la dobi ziko tupu, zinadondosha maji.

Ndani kuna joto la mvuke na harufu ya dawa ya madoa. Mwanamume wa makamo, aproni ya plastiki ikimfika magotini na glavu zikimfika viwikoni, anasimama mbele ya mashine kubwa ya kufulia na kuinamisha kichwa. Midomo inacheza bila sauti. Kisha anasema "Amina" na kubonyeza kitufe.

"Haanzi mzigo wa kwanza bila kuomba," anasema mwanamke anayepiga pasi upande wa pili wa chumba, ambaye kila mtu hapa anamwita Shangazi. "Mimi nilidhani anaiombea mashine, maana nayo imezeeka. Kumbe anawaombea walioyalalia hayo mashuka."

Leo ana ombi la kwake pia. Jioni atasimama mbele ya darasa la chuo na kuzungumza kwa dakika kumi. Ni mtihani wa somo la mwisho linalomtenganisha na shahada yake ya kwanza ya muziki. Alishaufeli mara moja. Chuo hakitoi nafasi ya tatu.

"Muziki wenyewe nimemaliza," anasema huku akisukuma toroli la mashuka ya wodi ya wanaume. "Kinanda, kupatanisha sauti, kuandika nota, yote nimepita. Kilichonikwamisha ni kuongea. Mtu mzima na mdomo wake."

"Na nyumbani unaongea mpaka majirani wanafunga madirisha," Shangazi anamtania.

Anacheka kidogo tu. Leo hana cheko refu.

Shahada hii si pambo la ukutani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali anataka mtu wa kuwaimbisha wagonjwa walionyang'anywa maneno na kiharusi. Uongozi umekubali, kwa sharti kwamba mtu huyo awe na shahada ya muziki kabla mwezi huu haujaisha. Mwezi ukipita, nafasi inafutwa na hakuna ajuaye kama itarudi. Aliyeombewa nafasi hiyo ni dobi huyu.

Yote yalianza nyumbani kwake, miaka saba iliyopita. Mkewe, aliyekuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya anayoiongoza yeye, alianguka jikoni baada ya ibada. Alipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalikuwa yamekwenda.

"Hakuwa amepoteza akili," dobi anasema. "Ungemwangalia ungeona yuko ndani, anagonga mlango, ila mlango haufunguki. Ananiita kwa macho. Mimi namletea maji, kumbe anataka shuka. Namletea shuka, analia. Na mimi natoka nje nalia."

Siku moja asubuhi alikuwa akimwosha ule mkono uliolala. Bila kufikiri, akaanza kuimba, mdomo ukiwa umefumba, sauti ya nne ya wimbo alioutunga mwenyewe kwa ajili ya kwaya. Mkewe akaudaka kwa sauti ya pili. Hakufumba mdomo. Aliimba maneno yote, ubeti mzima, mwanzo hadi mwisho.

Beseni lilimponyoka. Alipiga magoti palepale kwenye maji yaliyomwagika, akashukuru, kisha akaenda kutafuta kitambaa cha kupangusia.

Tangu siku hiyo alianza kuyatungia sauti mambo madogo ya nyumbani. Nataka maji. Fungua dirisha. Nimechoka. Mkewe aliyaimba, mara mia, mara mia nyingine. Polepole wimbo ukawa unapungua na neno linabaki. Leo anazungumza sentensi fupi fupi, na akikwama anarudi kwenye wimbo kama mtu anayeshika ukuta ili asianguke.

Mtaalamu wa mazoezi aliyaona hayo alipokuwa akimhudumia. "Nilimuuliza mumewe amesomea wapi jambo hili," anakumbuka mtaalamu huyo, mwanamke asiyependa maneno mengi. "Akaniambia hajasomea, yeye ni dobi wa hapahapa. Nikamwambia, basi kasome. Siwezi kukufungulia wodi nzima kwa ushahidi wa mke wako peke yake."

Akaenda. Alikuwa ameacha shule akiwa kijana, baba yake alipofariki, na cheti cha sekondari alikipata ukubwani, katika madarasa ya jioni. Chuo kilimpokea kwa mkondo wa jioni pia. Ada ilimeza theluthi ya mshahara wake, naye alikuwa ameipigia hesabu. Ambalo hakulitarajia ni masomo ya jumla.

"Nilidhani naenda kuimba," anasema. "Nikaambiwa kuna hisabati, kuna uandishi, kuna historia, kuna sayansi ya mwili wa binadamu, kuna kuzungumza mbele ya watu. Na usipopita hayo, hata uimbe kama malaika, shahada huioni. Nikamuuliza binti niliyekuwa nakaa naye darasani, mpiga ngoma mmoja, ini la mtu na wimbo vina undugu gani? Akaniambia, 'Mzee wangu, wewe meza tu.'"

Akameza. Katika uandishi alitoka na alama nzuri kuliko alivyotegemea. Hisabati alipita kwa msaada wa mpiga ngoma, aliyemfundisha sehemu na uwiano kwa kugonga meza. "Hisabati mpaka leo sijui ilikuwa na ugomvi gani na mimi," anasema. "Tumeachana kwa amani."

Sayansi ndiyo iliyombadilisha. Jioni moja mwalimu wa somo hilo alichora ubongo ubaoni. Akaeleza kwamba kwa watu wengi uwezo wa kusema umeegemea zaidi upande wa kushoto, lakini kuimba kunashirikisha pande zote mbili, ndiyo maana wapo wagonjwa walioshindwa kusema ila wanaweza kuimba. Darasa liliendelea kuandika. Dobi aliweka kalamu chini.

"Miaka yote nilikuwa nasema ni muujiza," anasema taratibu. "Na bado nasema hivyo. Ila siku ile Mungu alinionyesha alikoupitisha. Nilijisikia aibu kwa kulidharau lile somo."

Likabaki la kuzungumza.

Kilichotokea katika mtihani wa kwanza, mwaka jana, wenzake wanakisimulia hadi leo. Dobi alisimama na kwenda mbele. Akasalimia vizuri. Kisha, alipotaka kuanza, akageuka, akalipa darasa mgongo, akainua mikono kifuani, na kuzungumza na ubao hadi mwisho.

Wanafunzi walidhani ni mbwembwe za kisanii. Mhadhiri, mwanamke anayelingana umri na binti wa kwanza wa dobi, alisubiri amalize.

"Baba, ulikuwa unazungumza na nani?"

"Na ninyi, mwalimu."

"Sisi tuko huku."

Hapo ndipo alipogeuka na kuziona nyuso.

Kwa mtu aliyeongoza kwaya zaidi ya miaka ishirini, lile halikuwa jambo la ajabu. Kiongozi wa kwaya huwatazama waimbaji wake. Waumini huwaachia mgongo. Kila aliposimama mbele ya watu maishani mwake, alisimama hivyo. Hofu ilipomshika, mwili ulikwenda ulikozoea.

"Waumini wa kanisa letu wanaijua shingo yangu kuliko uso wangu," anasema. "Na mimi siwajui wao. Nawasikia tu wakikohoa."

Mhadhiri hakuwa na namna. Somo linapima kuwatazama wasikilizaji, kupaza sauti, kujibu maswali. Alimfelisha. "Iliniuma," anasema. "Lakini ningempitisha kwa huruma, halafu akakae na mgonjwa huku yeye mwenyewe hawezi kumtazama machoni? Ningekuwa nimemkosea yeye na huyo mgonjwa."

Mwaka mzima uliofuata, mwalimu wake alikuwa mkewe. Kila jioni isiyo na darasa, dobi alisimama sebuleni, kati ya meza na redio, na mkewe alikaa kwenye kiti mbele yake. Macho ya dobi yakikimbilia dirishani au sakafuni, mkewe aligonga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima.

"Hapa," alisema. "Tazama. Mimi."

"Mimi nilikuwa namtafutia yeye maneno," dobi anasema. "Sasa yeye ananitafutia mimi macho. Na hana huruma hata kidogo. Kwaya nzima haijawahi kunikemea vile."

Zamu inaisha alasiri. Anavua glavu, ananawa hadi mabegani, anabadili shati chooni. Shangazi amelipiga pasi shati hilo mara mbili na amezima pasi mapema, anakwenda naye. Wanatembea chini ya mwavuli mmoja. Kwenye ngazi za chuo dobi anasimama, anafumba macho, anaomba.

"Jikaze kisabuni," Shangazi anamwambia, kwa sauti ya chini.

Chumba kina viti vya plastiki na taa moja inayopepesa. Wanafunzi wenzake wamekaa. Mtaalamu wa mazoezi yuko nyuma kabisa, koti lake lingali limelowa. Mhadhiri anaita jina la dobi.

Dobi anakwenda mbele. Anasalimia. Kisha mabega yake yanaanza kugeuka, kila mtu anayaona, na mpiga ngoma anaziba mdomo kwa kiganja. Dobi anasimama katikati ya mgeuko, upande mmoja kwa ubao, upande mwingine kwa watu. Mikono imeshaanza kupanda. Anaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Anaishusha. Anarudi.

"Mke wangu," anaanza, na sauti inakwaruza. Anaanza upya. "Mke wangu aliamka siku moja bila maneno."

Anazungumza akiwapitia mmoja mmoja kwa macho. Pale anapofika kwenye beseni lililomponyoka, macho hayaondoki kwa watu. Anaeleza pande mbili za ubongo kwa kuonyesha kichwa chake mwenyewe. Haimbi hata nota moja. Shangazi anajifuta uso kwa mtandio na kudai baadaye kwamba ni manyunyu.

Anapomaliza, mhadhiri anamuuliza maswali mawili, anaandika, anaweka kalamu mezani.

"Umefaulu, Baba."

Mtaalamu wa mazoezi ananyanyuka kule nyuma. "Basi wodi iko wazi kwako," anasema. "Makaratasi nitayafuatilia mimi."

Dobi anaegemea meza. Anataka kurudi kwenye kiti chake, ila mpiga ngoma amesimama.

"Mzee wangu, na mimi nina swali. Si la mtihani." Anavuta pumzi. "Baba yangu yuko wodi ya wanaume tangu mwezi uliopita. Sikuwaambia. Ni kiharusi. Hajasema neno. Na yeye hakuwa mtu wa nyimbo, hata kanisani alikuwa anakaa kimya mpaka mwisho. Mtu kama huyo mnaanzia wapi?"

Manyunyu yanasikika kwenye madirisha.

"Sijui, mwanangu," dobi anasema. "Sitakudanganya. Wengine sauti hairudi. Mke wangu alikuwa mwimbaji, na bado imetuchukua miaka."

Binti anatikisa kichwa, kama aliyelitarajia jibu hilo, na anaanza kukaa.

"Ngoja," dobi anamwambia, akimtazama usoni. "Usikae. Nataka unisikie, na hawa wote wanisikie. Kesho zamu yangu ikiisha nitakwenda kukaa kando ya kitanda cha baba yako. Kama hataki wimbo, nitakaa naye kimya, na tutatafuta kitu kingine anachokipenda. Kesho kutwa nitarudi. Na siku inayofuata nitarudi. Nitarudi mpaka aseme, au mpaka yeye mwenyewe aniashirie nisije tena. Naahidi mbele yenu, na mbele za Mungu."