Kizazi cha Shemeji

Juzi nilimsindikiza shemeji yangu, mzee wa Ilongero, kupiga ultrasaundi mjini. Ubavu wa kushoto ulimuuma hadi akawa anatembea amejipinda. Daktari aliye mafunzoni akampitishia kile kifaa, kisha akaandika taarifa ndefu kama barua ya posa, akilisifu ini tu. "Babu, uko salama, nenda nyumbani."

Mwalimu wake akaisoma, akashika kiuno. "Na figo ya kushoto?"

Kijana akainama. "Nimepitiwa, daktari."

Akaamriwa arudie, safari hii ajaze fomu ya kompyuta, isiyokubali kuruka kiungo hata kimoja. Kumbe kafungua ya wanawake! Akafika mahali akasoma kwa sauti, "Kizazi: hakionekani."

Shemeji akainuka kitandani. "Kimekwenda wapi?"

Mwalimu alicheka mpaka akafuta miwani. Lakini figo ilitazamwa, jiwe likaonekana, na sasa shemeji anatibiwa.

Kati ya barua ndefu na fomu, mimi nachagua fomu. Bora nitafutiwe kiungo nisicho nacho kuliko kusahauliwa kile kinachoniuma.

Habari ya jiwe nimeitangaza Ilongero nzima. Ya kizazi nimewaambia tu waliokuwa kwenye foleni ya mashine ya kukamua alizeti, nayo ilifika hadi barabarani.